Kumtafutia Bibi wa Firenze Kaburi

Mimi ni mtu wa Lushoto, na mtu wa Lushoto hapandi kilima ila awe na shughuli huko juu. Utotoni tulikuwa tukipita na matenga ya plamu kichwani, jasho linatiririka, na wazungu wamesimama kwenye jabali wanalitazama bonde na kushangaa. Sisi tukawashangaa wao. Bonde si lilikuwepo jana? Kwa hiyo mtu angeniambia kwamba nitazimaliza Jumapili zangu Durban, Afrika Kusini, nikitafuta mahali pa kuutazamia mji, ningemwambia akapimwe akili.

Lakini ndivyo ilivyokuwa, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nilikuwa nafanya kazi ya usiku kwenye ghala moja Clairwood, kushusha matairi kutoka kwenye makontena, na nilipanga chumba cha uani kwa bibi mmoja Mwitaliano, mjane, upande wa juu wa Sydenham. Macho yake yalianza kuisha nguvu, ila gari lake lilikuwa bado zima. Tukakubaliana nimwendeshe kila Jumapili, naye anipunguzie kodi. Nilidhani ni kanisani na kurudi. Thubutu!

Bibi alikuwa anatafuta kaburi. La kwake mwenyewe. Na hakutaka kaburi lolote tu, alitaka lile ambalo mtu akisimama pale anauona mji mzima, kama kwao Firenze, Italia. Nikirudi kutoka kazini alfajiri, mgongo umekufa ganzi, macho yamejaa mchanga, namkuta ameshakaa kiti cha mbele na mkoba wake mapajani. Hata kuniuliza kama nimekunywa chai, hakuna. Kusema kweli nilimchukia.

Njiani alinifundisha Firenze. Wageni, alisema, hukimbilia juu ya kuba la kanisa kuu, wanapanda ngazi mpaka magoti yanagoma, na wakifika juu kuba hawalioni, maana wamelikalia. Wenye akili kidogo hupanda mnara ulio kando yake. Mabasi huwapeleka watu ng'ambo ya mto, kwenye uwanja mkubwa wenye sanamu ya shaba, ambako picha ni nzuri na soda ni za bei mbaya. Upande wa pili, mbali kidogo, kuna Fiesole, mji mdogo juu ya kilima, na ukiwa huko, Firenze yote inaenea kiganjani, ila ukungu ukitanda umekula hasara. Wenyeji hasa huupita ule uwanja wa sanamu wakazidi kupanda, mpaka kwenye kanisa la marumaru nyeupe na kijani. Nyuma ya kanisa kuna makaburi. Hapo ndipo, alisema, hakuna pengine. Haya aliyarudia kila Jumapili bila kuruka hata neno, na mimi nikiitikia ndiyo Mama, ndiyo Mama, huku nimeng'ang'ania usukani nisisinzie.

Mwanzoni nilidhani kinachotakiwa ni kwenda juu zaidi. Nikampeleka kwenye makaburi ya kilimani kabisa, tukaona mabati ya nyumba za watu na minara ya simu. Akasema hapa mji umelala kifudifudi, twende. Pengine miti iliziba. Pengine palikuwa pazuri lakini pamejaa. Siku hizo misiba ilikuwa mingi Durban, jamani. Jumamosi mabasi ya maziko yalijipanga barabarani, na Jumapili tulikuta udongo mbichi kila upande, maua hayajanyauka. Msimamizi mmoja alituambia kwa upole kwamba nafasi imebaki bondeni tu, karibu na barabara kuu. Bibi alimtazama utadhani ametukanwa.

Rafiki yangu Mkongomani, aliyekuwa akiuza mikanda pale soko la Warwick, nilimhadithia akacheka mpaka akashika nguzo. "Yaya," akaniambia, yaani kaka kwa Kiswahili cha kwao, "ule mama iko anatafuta kaburi ao iko anatafuta hoteli?" Sikucheka. Nilikuwa sina hata nguvu za kucheka.

Jumapili moja uvumilivu uliniisha. Tulikuwa tumesimama kwenye roboti, ndivyo huko wanavyoziita taa za barabarani, nyekundu imewaka, na bibi yuko kwenye ngazi za Firenze kwa mara ya mia. Nikamkatiza. Nikamwambia, Mama, maiti haoni. Kwetu tunalazwa ubavuni, uso kibla, basi, imekwisha. Unataka kutazama nini wewe huko chini? Taa ikawa kijani, gari la nyuma likapiga honi.

Tulipokwisha kuvuka ndipo akasema. Mama yake amelala nyuma ya kanisa lile la marumaru. Yeye mwenyewe alikuja Durban kwa meli baada ya vita, bibi harusi, na mama yake alipofariki hakwenda kumzika.

"Lakini mama yangu hakosi watu," alisema. "Kila siku wanapanda kuutazama mji, na wakija kuutazama mji wanapita kwake. Mimi mwanangu yuko Australia. Hatapanda kilima kwa ajili yangu. Basi na waje hao wa kutazama mji."

Kisha akaniuliza mama yangu yuko wapi. Nikamwambia amezikwa kwetu, mwaka uliopita, habari zilinifikia ameshazikwa. Akauliza siku anazikwa mimi nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa Clairwood, nashusha matairi. Hakunipa pole. Alitikisa kichwa mara moja tu. Kabla yake hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali lile, hata Watanzania wenzangu walionichangia na kunisomea hitima. Chuki yangu kwake iliisha siku hiyo, ila uchovu ulibaki palepale.

Mahali tulipapata ng'ambo ya bandari, upande wa Bluff, juu ya kilima, kwenye makaburi madogo ya zamani yaliyobakiwa na nafasi moja moja. Mbele yako maji, kreni, meli, halafu majengo ya mjini, na nyuma yake mgongo wa kilima cha Berea. Bibi hakuona vizuri. Akasema nilale chini, nimwambie mtu akiwa amelala anaona nini, kwa sababu yeye akilala hatainuka tena. Nikakataa. Kulala mahali pa kaburi ukiwa mzima ni kujichuria, nikamwambia, kwetu hata mtoto hafanyi mchezo huo. Akaketi juu ya jiwe akanisubiri. Mtu mzee akikusubiri utafanyaje? Nikasoma bismillahi, nikalala chali kwenye nyasi.

Nikashikwa na usingizi papo hapo. Nilikuwa nimeshusha matairi usiku kucha, wallahi sikusikia kitu. Nilipozinduka jua lilikuwa limehama na kitambaa chake cha kichwani kilikuwa usoni pangu. Nikaruka nikaanza kuomba radhi. Akaniuliza nimeona nini.

"Sikuona chochote, Mama. Nimelala."

"Basi ni hapa," akasema.

Alifariki kabla ya mwaka kwisha, na mwanawe alikuja, mtu mstaarabu, akamzika palepale kama alivyotaka. Ibada ilipokwisha watu hawakuondoka. Walisimama wakaanza kuonyeshana: nyumba yetu ile pale, na ile si hospitali, na meli ile ni ya wapi. Nikasema moyoni, bibi, umeshinda. Baada ya siku chache mwanawe akauza nyumba akarudi kwake, nami nikahamia chumba kingine.

Lakini bibi alipiga hesabu za Firenze. Durban watu wakitaka kutazama kitu wanateremka baharini, na huko kila Jumapili pamejaa. Kupanda kilima ili uutazame mji unaoishi, nani ana nafasi hiyo? Mtunza makaburi aliniambia tangu tumzike hajaona mtu akija upande ule isipokuwa mimi. Nami nilikuwa naenda, kwa taksi mbili, zile daladala za huko, na miguu, sijui kwa nini. Ningeweza kuwa kitandani.

Mara ya mwisho nilifika nimechoka kuliko siku zote. Niliketi kando ya jiwe lake, mji nikaupa mgongo. Nikafungua viganja nikamsomea mama yangu Fatiha, maana kaburi lake sijaliona, na hili nililiona likichimbwa. Kama haifai, mashehe wataniambia. Nililia, na sikumlilia mmoja. Nilipomaliza nikamwambia bibi, kwa Kiswahili ambacho hakukijua, anisamehe, amepata mtu mmoja tu, na mtu mwenyewe hatazami mji.