Goti Lisilo na Mshono

Dada yangu alipopasuliwa goti kule Embu, nyumba yetu ya Manyatta ilijaa akina mama wa kanisa. Walikuja na chupa za chai, ndizi, na sufuria ya supu ya mifupa. Kila mmoja alitaka kuuona mshono. "Woi, mtoto wetu!" Mimi nilikuwa jikoni nikiwaoshea vikombe, nikichechemea.

"Na huyu naye ana nini?" mmoja akauliza.

"Huyo ni goti kidogo tu," Mami akasema. "Aliteleza na kikapu cha majani chai, siku ileile na dada yake. Alipewa mazoezi."

"Mazoezi? Kumbe anacheza!" Wakacheka.

Nilitamani na mimi ningekatwa. Hata kule kliniki niliomba kimoyomoyo daktari aseme upasuaji. Lakini alisema kano ya dada ndiyo iliyokatika kabisa, haiwezi kujiunga yenyewe. Yangu ilivutika tu. Nikiimarisha misuli ya paja, nitapona.

Basi kila jioni nilifunga pakiti ya unga kwenye kifundo cha mguu kwa leso, nikalala chali kwenye gunia, nikainua mguu polepole huku nimeuma midomo. Mami alipita na bakuli la supu. Nikaliangalia.

"Wewe hujakatwa," akasema. "Githeri iko kwa sufuria."

Kusema ukweli nilimchukia dada. Nilichukia hata shuka lake safi.

Nyuzi zilipotolewa, dada naye akaambiwa aanze mazoezi. Yaleyale yangu! Hata hicho kidogo akakichukua. Tena yeye Mami alimtandikia mkeka, akamshika kisigino kwa mikono miwili, akamwimbia wimbo wa watoto wa kanisani ili asahau maumivu. Mimi nikalala pembeni na unga wangu.

Dada akapiga nduru. "Mami, wacha! Inauma kuliko kisu!" Halafu akanigeukia. "Na huyu hufanya hii kitu kila siku? Na halii? Wewe ni mtu ama ni mbuzi?"

Mami akaliangalia goti langu, nafikiri kwa mara ya kwanza. Lilikuwa bado limevimba.

"Mbona hukusema?"

Akasogea, akaweka kiganja chini ya kisigino changu.

"Mami, na mimi?" dada akalalamika.

"Wewe ngoja."

Nikainua mguu polepole sana, ili angoje zaidi.