Filamu ya Yusufu Kutoka Msitu wa Endarasha

Haya yalinipata mimi mwenyewe, na Yusufu angali hai. Ukitaka kuhakikisha, nenda mtaa wa Majengo hapa Nyeri, uulize nyumba ya mama yake, nyuma ya msikiti. Ukicheka sitakulaumu. Hata mimi ningecheka.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa na studio ndogo mjini, nikipiga picha za harusi na za vitambulisho, lakini moyo wangu ulikuwa kwa wanyama. Tulikuwa watatu wenye ugonjwa huo: mimi, Yusufu fundi wa redio, na Mwalimu Muthoni wa shule ya msingi. Kila Jumapili alasiri tulipanga picha zetu mezani, na kila mtu akataja kasoro za mwenzake bila kubembelezana. Zangu ndizo zilizochekwa zaidi. Nyati nilimkata kwato kwenye ukingo wa picha. Tembo nilimweka katikati kabisa, mdogo kama nzi kwenye sahani. Siku moja Muthoni aliisukuma picha yangu kando kwa kidole.

"Huyu mnyama wako hana mtu ndani," akasema. "Umepiga ngozi tu."

Neno hilo liliniuma wiki nzima. Jumamosi nikapanda mpaka Endarasha asubuhi, nikaingia ukingoni mwa msitu, penye kidimbwi ambapo pongo, wale swala wa msituni, huja kunywa maji. Ukungu ulikuwa mzito, majani yanadondosha maji kama mvua. Nikiwa nimesimama hapo, mtu akasema nyuma yangu, kwa sauti ya chini, kwamba nipige magoti.

Alikuwa mwanamume wa makamo aliyevaa koti refu la kijivu. Hakuwa na panga, wala ng'ombe, wala kamera. Nilimsalimu, hakuitikia. Aliniambia kwamba mimi huwapiga wanyama picha kama mtu aliyesimama juu ya paa. Nishuke mpaka macho yangu yawe sawa na macho ya mnyama. Niache nafasi upande anaotazama. Nihakikishe jicho lililo karibu nami ndilo linaloonekana wazi kuliko kitu kingine. Kisha nisubiri, nisibonyeze mpaka anitazame. Alisema haya yote polepole, kama mwalimu mwenye subira. Halafu akaongeza:

"Ile ya nyati, ulimkata kwato."

Picha hiyo ilikuwa ndani ya droo yangu mjini. Nikamuuliza aliiona wapi.

"Nilikuwa mbele yako," akasema.

Niamini, hapo ndipo ningepaswa kuondoka. Nguo zangu zilikuwa zimelowa chepechepe, na koti lake lilikuwa kavu kana kwamba limetoka kupigwa pasi. Niliona hayo yote na bado nikabaki. Wewe ungefanya nini, baada ya miaka ya kuchekwa? Aliingia kichakani, na baada ya muda mfupi, pale pale alipoingia, akatoka pongo dume. Alisimama, akageuza kichwa, akanitazama. Nikabonyeza mara moja tu.

Kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha nilipunguza kingo zake, nikaondoa nyasi zilizozidi upande wa chini, nikaupa uso mwanga kidogo. Ulikuwa uso wa mtu anayekujua.

Jumapili niliiweka mezani. Muthoni aliipeleka picha dirishani akaitazama muda mrefu. Yusufu akaniuliza nimebadilisha nini. Na hapa ndipo kosa langu lilipo. Nilimwambia ni subira tu. Nilimwelekeza kidimbwi kilipo, ila yule mtu sikumtaja, kwa sababu nilitaka sifa ziwe zangu peke yangu.

Jumamosi iliyofuata Yusufu akaenda peke yake. Usiku hakurudi. Kesho yake wachungaji wa ng'ombe walimkuta ameketi kando ya kidimbwi, kamera mapajani, macho wazi. Hakuwa na jeraha lolote, lakini hakusema neno, na watu walipomkaribia alitetemeka mwili mzima kama mnyama anayetaka kukimbia. Mama yake aliniletea ile kamera.

"Mwanangu, zisafishe hizi picha," akaniambia, "tujue aliona nini."

Filamu ilikuwa imeisha yote. Nilizisafisha mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo, na picha ya kwanza ilipoanza kujitokeza majini, niliinama karibu zaidi. Alikuwa Yusufu. Zote zilikuwa za Yusufu. Ya kwanza imepigwa kutoka ng'ambo ya maji, inayofuata karibu zaidi, nyingine karibu zaidi, kila moja kwa usawa wa macho yake, na nafasi imeachwa upande anaotazama. Katika ile ya mwisho uso umejaa picha nzima, na jicho limeonekana wazi mpaka unaweza kuhesabu kope. Na katika zile za mbali, kamera yake iko mapajani. Kamera hiyo hiyo niliyoitoa filamu mimi mwenyewe. Nani alizipiga, na kwa nini?

Nilimwonyesha Muthoni peke yake. Alizipitia moja moja, kama tulivyozoea Jumapili.

"Hizi hazina makosa," akasema, kisha akaanza kulia.

Tulizichoma. Mama yake Yusufu nilimdanganya kwamba filamu iliingia mwanga ikaharibika. Nimekaa na uongo huo miaka mingi, mpaka juzi nilipokwenda kwake nikamweleza yote. Hakunifukuza. Alinimiminia chai, akauliza kwa nini sikumwambia mwanawe kuhusu yule mtu. Yusufu alikuwa ameketi mlangoni. Hajasema neno tangu siku ile. Nilipovua miwani yangu niifute, kioo kikameremeta juani kama lenzi ya kamera, naye akageuza uso upande kidogo, akatulia kabisa, akangoja.

Wewe unayepanda huko na kamera, usiende peke yako. Na mtu akikufundisha jambo msituni, rudi uwaambie wenzako ni nani aliyekufundisha, hata kama watakucheka.