Akina mama waliponipangia bustani vizuri, nikaondolewa nyumbani (Mbeya, miaka ya hamsini)

Wakuu, habari za humu. Wakubwa zangu sidhani kama mmebaki wengi, ila kama mpo, shikamooni.

Mimi ni bibi kizee, na ni kipofu tangu utoto. Hapa naongea tu, simu inaandika, halafu inanisomea mnachojibu. Mkikuta neno limekaa vibaya msinishukie mimi, ishukieni simu.

Kuna kijana ameweka uzi wa kulima mboga kwenye ndoo na viroba, anasema ni mambo mapya ya mjini. Mambo mapya? Nilicheka peke yangu mpaka wakaniuliza nina nini. Basi na mimi nimeona niseme langu, na ni kweli tupu. Wa kusema "hii chai" apite pembeni, mimi sina umri wa kubishana.

Sisi ni Wahehe wa Iringa. Surua ilinikamata nikiwa mdogo, ikaondoka na macho yote mawili.

Baba alikuwa fundi mwashi. Akapata kazi Mbeya, tukahamia huko, enzi hizo za Mwingereza. Tulipanga chumba kimoja kwenye nyumba yenye watu wengi. Nyuma ya chumba palikuwa na kipande cha ardhi kati ya ukuta na ua wa matete. Ukinyoosha mikono unagusa huku na huku.

Hapo ndipo nilipolima.

Nilianza kwa sababu nilichoka kukaa. Kwetu hata mtoto anashika jembe, lakini mimi kila siku "kaa hapo mama, pumzika". Nipumzike nimefanya nini?

Mama akanipa debe bovu la mafuta ya taa. Nikalitoboa chini kwa msumari, nikajaza udongo, nikapanda vitunguu. Vikaota! Nikaongeza madebe, kisha nikashuka chini kwenye ardhi yenyewe. Udongo wa Mbeya ni mlaini jamani, vidole vinazama kama kwenye unga.

Kwa wanaotaka kujua nilivyofanya: nilitandika kamba za katani toka ukutani mpaka kwenye ua, mbegu zinafuata kamba. Mwanzo wa kila mstari nachomeka magunzi ya mahindi. Gunzi moja ni mchicha, mawili vitunguu, matatu maharage. Maboga hayakuhitaji alama, jani lake lenyewe linakukwaruza. Maji namwagilia nikichomeka kidole nikakuta pakavu. Magugu napapasa na kunusa.

Nimeng'oa mchicha wangu mwenyewe nikaacha magugu mara nyingi tu. Nalia, napanda tena.

Ikafika mahali nyumba nzima inakula mboga yangu. Wakuu, sijui niwaelezeje. Unakaa kula, unajua hiki kilichopo kwenye bakuli kimetoka mkononi mwako.

Sasa sikilizeni shida ilipoanzia.

Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, alituma ujumbe kutoka Iringa kwamba nirudishwe nyumbani. Kipofu wa nini kwenye chumba cha kupanga, magari yatamgonga, huku kuna watu wa kumtunza. Hakuwa mtu mbaya. Baba naye akaanza kukubali.

Mama akagoma. Akasema, "Shemeji aje aone mwenyewe. Huyu mtoto analima. Akikuta halimi, amchukue."

Baba mdogo akaafiki. Mimi nilitaka kubaki na mama yangu.

Siku ya mgeni ilipofika, mimi na mama tulikwenda sokoni Mbalizi kutafuta kuku. Huku nyuma jirani yetu Mama Tupo, Mnyakyusa mmoja mwenye roho nzuri kabisa, akaita wenzake wa kanisani waje kumsaidia mama usafi. Kwao na kwetu ni kitu kimoja, mgeni hapokelewi kwenye uwanja mchafu.

Wakafagia. Wakafika nyuma, wakaona kichaka. Maana bustani yangu kwa mtu mwenye macho ilikuwa kichaka kweli, boga limelala juu ya kitunguu, maharage yamepanda kwenye ua.

Basi wakaitengeneza. Kamba wakazikunja wakazitundika. Madebe wakayahamishia upande mwingine, wakayapanga yakapangika. Miche wakaing'oa na udongo wake, wakaipandikiza kwenye mistari mipya, mizuri, imenyooka. Magunzi wakayakusanya, wakawashia moto wa chai ya mgeni.

Hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Walichoka siku nzima kwa ajili yetu.

Tunarudi, baba mdogo kashafika, anakunywa ile chai. Tukasalimiana, "kamwene, kamwene". Akasema, "Mwanangu, nimeiona bustani, inapendeza sana. Hebu kanichumie mboga tule."

Nikaenda nacheka.

Mguu ukagonga debe mahali ambapo hapakuwa na debe. Nikainama kutafuta kamba, hakuna. Nikatafuta magunzi, hakuna. Nikasema labda nimeanzia vibaya, nikarudi ukutani, nikaanza upya. Nikashika nilichodhani ni mchicha, kikang'oka na mizizi, kunusa ni kitunguu. Nikageuka, nikasikia maharage yanavunjika chini ya mguu wangu.

Watu wote walikuwa wamenifuata huko nyuma, wananitazama.

Nikapiga kelele, "Wamehamisha!"

Baba mdogo akasema taratibu, "Mboga zinahamaje, mwanangu?"

Mama Tupo akadakia, maskini, anajitetea, "Tumepanga mistari tu, hatukuharibu kitu."

Kwa baba mdogo hiyo ikawa imetosha. Akamwambia mama, "Kumbe ni kazi ya akina mama. Shemeji, hukuwa na haja ya kunidanganya."

Mama akasema, "Jana alikuwa anajua kila kitu hapa." Mtu gani angeamini? Na angewaambiaje wale wanawake waliovunjika mgongo kwa ajili yake kwamba wamemponza? Akakubali niende. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Kesho yake nilikuwa kwenye basi la Iringa.

Kule nilitunzwa, sitasema uongo. Uji wa moto, blanketi, mkeka karibu na jiko. "Kaa hapo, usichoke." Nilinuka moshi tu, sikufanya kitu. Baada ya muda nikamwomba mke wa baba mdogo anipe pale wanapomwaga maji ya vyombo. Akanihurumia, akanipa. Udongo wa kule mwekundu, unang'ang'ania vidole, lakini vitunguu havikujali.

Mama alipopata nafasi ya kuja, alikuta wanakula mboga yangu. Akasema amekuja kunichukua.

Baba mdogo akakataa katakata! "Huyu haendi popote, anatulisha huyu." Wakabishana pale, mimi nimekaa katikati kama mzigo wa stendi.

Ghafla mama akanigeukia, akaniuliza, "Wewe mwenyewe unataka nini?"

Wakuu, tangu surua hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema, "Nitakuja na wewe. Lakini pale nyuma asiguse mtu bila kuniambia."

Asubuhi baba mdogo alitusindikiza mpaka kwenye basi, kanibebea mbegu.

Tulirudi Mbeya, nikapanda upya. Ilipokaribia Krismasi akina mama wa kanisani wakaja tena na mafagio yao. Nilikuwa ndani, nikatega sikio. Nikamsikia mama anawapokea, anacheka nao, halafu anasema, "Fagieni kote jamani, asanteni. Ila upande ule msiguse, una mwenyewe."

Nilikuwa nimeitwa kipofu, maskini, mgonjwa, mzigo. Siku ile niliitwa mwenyewe, nikakaa kitandani nikalia kwa furaha.

Nilichojifunza: kama una asiyeona nyumbani kwako, usimsogezee hata kikombe bila kumwambia. Na kabla hujamsaidia, muulize.

Nimemaliza. Wenye ndugu wasioona, au nyie wenyewe mlio kama mimi, semeni yaliyowakuta. Simu iko sikioni, nawasikiliza.