Nilivyotaka Kumfuta Ta Theonest

Ndugu wasomaji, chekeni polepole, aibu yangu bado mbichi. Jumapili nilikwenda Izigo kueleza mabadiliko ya katiba ya chama cha kuzikana cha ukoo wetu, kabla watu hawajapiga kura. Mimi ni Mhaya niliyekulia Dodoma na Kihaya changu kinaishia kwenye salamu, lakini nilikuwa nimejitapa kwamba nakijua chote.

“Ukiweka tiki kwenye Ndiyo, ibara ya nne inafutwa,” nikaanza kwa madaha. “Imezeeka, na inawabana wanawake wasiongoze.”

Watu wote wakamgeukia Ta Theonest, mzee wetu, mwanachama namba nne. Nikadhani hoja imewaingia.

“Tuifute leo leo,” nikakazia, “wala hatutaikumbuka.”

Ta Theonest akasimama, kofia mkononi. “Waitu jamani, mwanamke gani nimembana? Na nikifa, nani atanizika?”

Shangazi yangu, Ma Adelina, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

“Mwanangu, kwa Kihaya ibara ni jina,” akasema. “Sasa kaa chini, tulipigie kura la kwako.”