Debe la Mafuta ya Taa

Miaka ile ya vita mafuta ya taa yalikuwa adimu kuliko sukari. Baba alikuwa akienda Kisarawe alfajiri, anarudi adhuhuri na debe lisilofika nusu; siku nyingine anarudi nalo tupu, amenuna. Kwa hiyo kujua mafuta yamebaki kiasi gani ilikuwa kazi ya mtu, na mtu huyo nilikuwa mimi, msichana wa miaka kumi, kiherehere kimenijaa. Wala sikuchungulia ndani. Nililigonga debe kwa kidole kutoka juu kwenda chini: palipo patupu panalia, palipo na mafuta pananyamaza. "Yamebaki shibiri moja," nasema, na watu wazima wananiamini. Raha iliyoje!

Mama alikuwa ndani na mtoto mchanga, arobaini haijatimia. Kwetu chumba cha mzazi hakikai giza. Taa ikizimika, watu wanasema kuna aliyemtakia mtoto mabaya. Aliyemhudumia mama, kumpikia uji na kumkanda kwa maji ya moto, ni mke mdogo wa baba, mtu wa Visiga. Nilimwita mama mdogo, na nilimpenda, nasema kweli.

Jioni moja akaniuliza, "Mwanangu, mafuta yapo?"

Nikagonga. Debe likanyamaza mpaka katikati. "Tele!" nikamjibu.

Akajaza taa, akampelekea mama. Magharibi haijaswaliwa, taa ikaanza kutatarika, ikazimika. Wakaiwasha, ikazimika tena. Asubuhi mtoto akaamka na homa. Bibi, mama yake baba, akasema mbele ya wote, "Kikulacho ki nguoni mwako. Nani aliyeijaza taa ile?" Baba hakumtetea mkewe. Akasema Ijumaa atampa talaka arudi kwao.

Nikaenda kulitazama debe pale upenuni. Gunzi tunalozibia mdomo wake halikuwapo. Loh! Nililitoa mwenyewe siku mbili nyuma nikasahau kulirudisha, na mvua ilikuwa imenyesha. Nikamimina kidogo kwenye kata: mafuta kiduchu juu, chini maji matupu. Maji nayo ukiyagonga yananyamaza.

Nikakimbilia kwa mama. "Mama, ni mimi. Maji yameingia kwenye debe. Mama mdogo hana kosa."

Mama alikuwa ananyonyesha. Hakushtuka. Akauliza, "Umemwambia nani mwingine?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi kalimwage lile debe migombani, ulisuuze, ulianike juani. Na mdomo wako ufunge."

"Lakini mama, atafukuzwa!"

"Miaka minne nalala peke yangu siku tatu kila wiki," akasema, taratibu kabisa. "Nenda."

Nikaenda. Nikayamwaga yote, na mafuta yale machache pamoja, katika miaka ambayo watu walikula futari gizani. Nilikuwa nalia kwa hasira, sijui namkasirikia nani.

Ijumaa, watu wametoka kuswali, mama mdogo akatoka na mkeka wake na furushi la nguo. Baba na bibi walikuwa wamekaa barazani. Akapiga magoti mbele ya mumewe.

"Naondoka, sikatai. Ila taa ile ilitatarika kama yenye maji. Naomba debe liletwe, mlitazame kwa macho yenu. Mkishaona, mniambie mimi ni mchawi."

Baba akanitazama. "Lilete."

Nikalileta. Mama mdogo akaliinamisha, akalitikisa. Halikutoka hata tone. Akatia mkono ndani, akautoa mkavu. Bibi akaguna. Nyuma ya mlango nilimsikia mama akimbembeleza mtoto, na homa ilikuwa imeshamtoka siku mbili.

Mama mdogo akanigeukia. "Mwanangu, wewe ndiye mwenye kuligonga. Mwambie baba yako, siku ile lilikuwa na nini?"

Baba akangoja. Kweli alingoja, tena muda mrefu.

"Mafuta," nikasema.