Siku Niliyomwita Mbwa Nanjala

Nilipokuwa mtoto, kule Kyebando, mtaa wa Kampala, nilimpa mbwa jina la marehemu, na watu wazima wakaniambia kwamba nimemuua mdogo wangu. Sitazunguka. Nimezoea kusimama mbele ya ukumbi mzima pale Chuo Kikuu cha Kyambogo na kubomoa hoja za watu wenye suti, lakini hoja hii moja, niliyopigwa nayo nikiwa darasa la tatu, sijawahi kuijibu. Leo naijibu.

Kwanza mjue jinsi majina yanavyopatikana kwetu. Sisi ni Wabukusu. Baba alivuka mpaka kutoka Bungoma, Kenya, kuja Kampala kuuza vipuri vya magari, na mila alikuja nazo kwenye mzigo huohuo. Mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wakubwa humkalia karibu wakimtajia majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine. Akinyamaza, basi jina lililotajwa ndilo lake. Marehemu mwenye jina amekuja kumtaka. Mimi nilinyamazia Nafula. Nimesimuliwa mara nyingi, na nilivyokuwa napenda kusimuliwa!

Jioni moja baba akaleta kijibwa cha rangi ya chai ya maziwa, ndani ya boksi la vipuri. Kililia mpaka majirani wakagonga ukuta. "Nafula," baba akasema, "mtafutie jina huyu, labda atatuachia masikio." Nikaketi naye chini jikoni. Nikamwambia Simba, akalia. Tiger, akalia. Polisi, ndipo akazidisha. Basi nikafanya nilichojua hufanyiwa kiumbe kidogo kinacholia: nikaanza majina ya ukoo. Nilipofika kwa Nanjala alinyamaza. Aliweka kidevu kwenye kiganja changu akalala.

Nanjala alikuwa Kukhu, mama yake baba, ambaye tulimzika Krismasi iliyotangulia. Alikuwa akinimenyea karanga na kunifungia kwenye pindo la leso yake. Sikujua jina tamu kuliko hilo. Nikatoka mbio: "Ni Nanjala! Amekubali Nanjala!"

Mama alicheka. Hilo nataka lijulikane. Alikuwa na mimba kubwa, ameegemea mlango, akacheka mpaka akashika tumbo. "Huyo Kukhu wako naye! Bungoma yote ile, amekuja kushukia kwenye boksi?"

Asiyecheka alikuwa Senge, dada yake baba, aliyekuja kukaa nasi mpaka mama ajifungue. Senge wa kwaya kila Jumapili, Biblia yenye zipu mkobani. Alitua sufuria chini polepole.

"Jina la mama yangu, kwa mbwa? Na tumbo hili ndilo lililokuwa linalingoja!" Akamgeukia baba. "Mama atakuja akute nafasi yake imekaliwa na mbwa. Atageuka arudi. Na hatarudi peke yake."

"Ah, dada, ni utoto tu huo," baba alisema. Lakini sauti ilikuwa imekwisha kumpungua.

Haikupita wiki, mama akashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Ilikuwa asubuhi, uji bado uko mezani. Niliona damu kwenye kanga yake. "Baba Nafula," alisema, "twende hospitali." Senge akasimama mlangoni.

"Hamtoki na jina likiwa juu ya mbwa. Mkitoka hivyo mtarudi mikono mitupu. Ashikwe kwanza, avuliwe."

Kumvua jina ni kummwagia maji ya majivu na kumtajia jina jingine mbele ya mwenye mimba. Na baba, mtu mzima, fundi wa kukwambia ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza tu, akamsikia mkewe anavyougua, halafu akatoka nje kutafuta mbwa.

Mbwa alikuwa ametoroka. Zile kelele zilimtisha. "Mwite!" Senge aliniambia. "Wewe ndiye uliyemwita, mwite tena!" Angalieni akili hiyo: ili avuliwe jina, ilibidi tumwite kwa jina lilelile. Nikazunguka nyuma ya vyoo, nikapita kati ya magunia ya mkaa, nikiita Nanjala, Nanjala, machozi yananitoka, na baba ameinama anachungulia mitaroni.

Aliyetusimamisha ni Nalongo, jirani yetu Mganda, muuza mkaa.

"Ssebo, bwana, mnatafuta nini?"

"Mbwa," baba akasema.

"Mbwa? Bibi yako naria ndani, wewe natafuta mbwa? Kichwa yako iko sawa?"

Hakungoja jibu. Alisimama katikati ya barabara, akalizibia njia gari la kupeleka mikate, akambishia dereva mpaka akafungua mlango wa nyuma. Mama akapandishwa katikati ya trei. Senge alibaki amesimama na beseni lake la majivu.

Mtoto alizaliwa amekwisha kufa. Msichana. Daktari alisema nini, hakuna aliyeniambia. Senge alisema nini, nilikisikia kwa masikio yangu, sebuleni, mbele ya wageni waliokuja kutupa pole, kidole kimeninyookea: "Jina la mtoto, huyu alishampa mbwa. Angekuja kufanya nini?"

Baba akawaongezea wageni chai. Kijibwa kilirudi chenyewe jioni, kikatiwa guniani, na sikukiona tena. Nami nikaacha kuvipa vitu majina. Mwanasesere wangu alikuwa "wewe". Paka wa Nalongo, aliyekuwa na jina lake zuri tu, kwangu alikuwa "paka".

Mwezi uliopita mama alinipigia simu. Wezi wamezidi Kyebando, amepata kijibwa, nije nimpe jina. Nilikwenda nimekwisha kasirika. Nikamkuta anachambua mchele, kijibwa kinalia miguuni mwake.

"Mpe jina, bwana, kinanichosha."

"Mama," nikasema, "siku ile, wewe uliamini?"

Hakuuliza siku ipi. Mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Nilikuwa na maumivu, Nafula. Nafasi ya kuamini ningeitoa wapi? Nilikuwa nataka gari."

"Na daktari?"

"Alisema tungewahi kidogo, mtoto angelia."

"Kwa nini hukuniambia? Miaka yote hii!"

"Nilidhani umesahau."

Eti nimesahau! Nilisimama nikapiga kelele mle ndani kama sijawahi kupiga kwenye mdahalo wowote, bila hoja, bila mpangilio. Kwamba walikuwa watu wazima wawili, baba na Senge, na barabara imejaa magari. Kwamba mzigo waliouogopa wao waliutua juu ya mtoto wa karanga na leso. Nilipomaliza mama alisema, "Hata kaburini yule mtoto hakuitwa chochote. Jina lile hakuna aliyethubutu kuligusa." Akarudia mchele wake, lakini alikuwa haoni mawe.

Wapo watakaosema Senge alikuwa na uchungu wake, amefiwa na mama majuzi. Nakubali. Watasema mila zetu si za kuchezewa. Nakubali pia, mimi mwenyewe ni Nafula kwa mila hizo, na ile ya kumkalia mtoto anayelia naipenda hadi leo. Kukhu ninayemkumbuka mimi asingemgeuzia mjukuu kisogo kwa sababu ya kijibwa. Walimsingizia hata yeye. Jina halikumzuia mama mlangoni. Aliyemzuia alikuwa na miguu, na aliyemruhusu amzuie alikuwa baba yangu.

Kijibwa kipya nimekiita Simba. Alikuwa bado analia nilipompa, atazoea. Jina la Nanjala nimeliweka akiba. Nikijaliwa binti, nitamkalia akilia, na nitamtajia hilo kwanza. Na siku nitakayoshikwa na uchungu, mtu asije akasimama mlangoni kuniuliza mbwa wetu anaitwa nani.