Nilimwambia mwiko wake ni maji

Admin, naomba ulifiche jina langu. Majina ya wenzangu nimeyabadilisha mwenyewe. Mimi ni mzee wa miaka sabini na minne, mkulima wa korosho huku Newala. Najua ukurasa huu ni wa vijana na mambo yao ya mapenzi, lakini nivumilieni. Ninaogopa, wanangu. Naogopa hata kukaa mezani na mke wangu.

Ujanani nilikuwa mkimbiaji. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, na ng'ambo ya Ruvuma vita vya Msumbiji vilikuwa vimepamba moto. Yakatangazwa mashindano ya maili kumi na mbili, na mshindi angechukuliwa na timu ya shirika moja kule Mtwara, aajiriwe kazi ya kukimbia. Mtu anakimbia halafu analipwa mshahara! Mimi wa jembe nikawa siwazi kingine. Kikwazo kilikuwa kimoja tu, rafiki yangu Issa. Tulifanya mazoezi pamoja, na kila mara alinipita hatua chache, tena akicheka.

Kwenye zahanati ya kijiji alikuwa amelazwa mpagazi mmoja aliyekuwa akibeba mizigo ya vita, mguu una kidonda. Nilikuwa nikimpelekea uji. Siku moja akanipa vidonge viwili. Akaniambia, "Sisi hutumia hivi porini. Ukimeza, unatembea kutwa nzima hujui kuchoka." Sikumuuliza zaidi. Nikavificha kwenye pindo la kaptura.

Asubuhi ya mashindano nilikuwa nyuma ya nyumba nikivisaga kwa jiwe, Issa akanifuma. Niliogopa angesema kwa katibu wa kijiji kwamba nina vitu vya vita. Nikamwambia ni dawa ya mizizi, nimepewa na mjomba. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya mpwa wake, kwa hiyo Issa hakushuku kitu. Akaomba naye apewe. Nikachanganya na unga wa muhogo, nikamkatia sehemu ndogo, kubwa nikabaki nayo. Akaniuliza, "Mwiko wake nini?"

Hakuna dawa ya mizizi isiyo na mwiko. Ningesema haina, angejua ni uongo. Macho yangu yakaangukia ndoo ya maji mlangoni. Nikasema, "Mwiko wake ni maji. Usinywe mpaka umalize mbio."

Ulikuwa mwezi wa kumi, mvua bado, jua la kuunguza utosi. Nusu ya kwanza tulikimbia kama tunasukumwa. Moyo ulinidunda hadi masikioni. Kwenye mzunguko wa kurudia kulikuwa na kina mama wa kijiji cha mbali wenye maji. Issa alikuwa ametangulia, akapita bila kugeuza shingo. Mimi nikanywa kata mbili. Nilijua mwiko ule niliutunga mwenyewe.

Nilipomfikia midomo yake ilikuwa myeupe na jasho limemkauka. Akaniambia, "Ndugu yangu, kiu inaniua. Huu mwiko hauna nafuu kabisa?"

Wanangu, neno moja tu lingetosha. Ningesema kunywa. Lakini mbele yetu kulikuwa hakuna mtu, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimepata nguvu. Nikamwambia, "Vumilia." Nikampita.

Alianguka karibu na uwanja. Dada yake, binti wa miaka kumi na mitano, alimkimbilia na kopo akamnywesha maji. Issa alikufa mikononi mwake. Watu walipouliza nikawaeleza habari ya dawa na mwiko, nikalia sana, nikaaminika. Wazee wakamgeukia yule binti. "Umemvunjia kaka yako mwiko." Nikaenda Mtwara, nikakimbia miaka minne.

Niliporudi nilimwoa yule binti. Ndiye mama wa watoto wangu. Sijui nilimwoa kwa kumpenda au kwa kumlinda na midomo ya watu, lakini nampenda. Mpaka leo hawezi kumnywesha mgonjwa maji. Hata wajukuu zake wakiwa na homa huita jirani.

Sasa amekuja mpwa wangu, Fadhili, ana miaka ishirini na saba, anaishi kwa mbio za barabarani. "Shikamoo njomba. Nimekuja kuomba ile dawa yako." Nikaitika marahaba, nikamwambia imekwisha, mizizi yake haipatikani tena. Akacheka. "Basi njomba, mimi nina vidonge vyangu vya mjini, wenzangu wote wanatumia. Mwiko ninaujua, kijiji kizima kinaujua. Nikiviunganisha hivyo viwili, nani atanipata?"

Nilimkataza vidonge, nikamkataza na mwiko. Akaninunia, akasema nimezeeka nimekuwa mchoyo, sitaki jina langu lifikiwe. Mbio ni Jumapili ijayo. Ameanza kujizoesha. Anakimbia saa sita mchana, anarudi midomo myeupe ileile, na hagusi maji mpaka jioni.

Jana alirudi akayumba, akashika nguzo ya baraza. Mke wangu alikuwa na kikombe chake cha maji mkononi. Fadhili akakisukuma taratibu, "Hapana mama, nashika mwiko wa njomba." Mke wangu akarudi nyuma, akamwaga yale maji yote mchangani. Akaniangalia akasema, "Baba Asha, toa mwenyewe maji yote humu ndani. Mimi sitaua mara ya pili."

Nilikuwa nimekaa palepale. Nikainuka, nikatoa mtungi nje, kama alivyoniambia.

Leo ni Jumatano. Nikisema, nampoteza mke wangu uzeeni, na ana haki. Nikinyamaza, Jumapili naweza kumzika mpwa wangu. Msinitukane kwanza, matusi yangu nayajua. Niambieni tu, ninaanzaje kulitamka neno hili mbele ya mke wangu?